Siti ya Mkwe Wangu

Sehemu ya nne

Kitendawili! Najua mmeshaitikia "tega" hata kabla hamjapata miwani, basi natega: ndugu wawili wamepanga chumba kimoja. Mmoja amekufa. Mwenziwe anakula, anacheka, anapita huku na huku, wala hana habari.

Kaa nacho hicho. Jibu nitalitoa mwenyewe humu humu, ingawa siku nilipopewa mimi sikulipenda.

Kwa aliyenikuta leo katikati ya njia: mimi ni bibi, mjane, fundi cherehani. Naishi na mwanangu wa kiume, dereva wa malori ya mbali, pamoja na mkewe na binti yao wa miaka mitatu. Mkwe wangu huyo anafanya kazi kwenye dobi kubwa la hoteli. Mwaka wa tano sasa ananyoosha nguo za wasafiri, na yeye mwenyewe hajawahi kulala hata siku moja nje ya mji huu.

Safari hii yeye na mumewe walipata siku nne za mapumziko zilizoshikana, Ijumaa mpaka Jumatatu. Wakapanga kwenda ule mji wa muziki ambao kila anayerudi huko anarudi anatembea kwa mdundo. Siti mbili kwenye basi. Mimi nibaki na mtoto.

Kumbe na mimi nilikuwa na mpango wangu, mji ule ule, siku zile zile. Bendi niliyoishonea mashati nikiwa msichana ilikuwa inapiga Jumamosi alasiri. Mashati kumi na mawili, mikono ya marinda, na sijawahi kuyaona yakiwa jukwaani hata siku moja. Marehemu baba alinikatalia. Alisema fundi kazi yake ni kushona nguo, si kuifuata inakokwenda.

Ningesema tu, "Mwanangu, safari hii siwezi kubaki na mtoto, nataka kwenda kusikiliza muziki." Maneno mafupi hayo.

Nikasema uongo. Nikasema jicho langu la kulia linaniishia, na huko mjini kuna kambi ya kutibu macho ya wazee, siku hizo nne tu. Nilidhani watasema twende wote.

Mkwe wangu akamtazama mumewe. Halafu akasema, "Mama, chukua siti yangu. Mwanao atakupeleka. Mimi nitabaki na mtoto."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita. Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na gauni. Mkwe wangu aliniomba nimshonee la safari, kitambaa cha kijani alichokichagua mwenyewe, kola ya duara, mifuko miwili ya pembeni. "Mifuko ya kuweka mikono, Mama, nikiwa natembea mjini bila haraka," aliniambia. Lilikuwa limebaki pindo tu.

Jumatatu asubuhi akanikuta nimelishika.

"Mama, acha kuumiza jicho. Hilo si la haraka tena."

"Pindo tu, mwanangu. Dakika kumi."

"Nitalivaa wapi, dobini? Liache." Akalichukua taratibu, akalitundika nyuma ya mlango, akalipiga kofi dogo kama mtu anayemwambia mtoto atulie. Kisha akaenda kazini.

Gauni likabaki linanitazama. Nililigeuza likaangalia mlango. Likanitazama kwa mgongo.

Mchana akaja shoga yangu. Huyu ni muuza vifungo na nyuzi wa duka la pili, tumeshibana tangu ujana, na tunamwita Kengele kwa sababu siri kwake hailali. Mpango wote wa bendi ulitoka kwake, na kambi ya macho pia aliitunga yeye.

"Shoga, mbona uso kama kitambaa kilichorowa?"

"Kengele, mimi najirudi. Leo jioni namwambia mkwe wangu ukweli."

"Umwambie nini? Kwamba ulimnyang'anya siti ukacheze?"

"Sikumnyang'anya. Alinipa."

"Basi umeshapewa, nyamaza." Akajikalisha juu ya meza yangu ya kukatia, kitu ninachokichukia. "Wale wazee wamebaki wanne. Mpiga ngoma anashikwa mkono kupanda jukwaani. Ukisema mwakani, shoga, utaenda kusikiliza viti."

Nikacheka. Ndiyo shida yangu na Kengele, ananichekesha nikiwa nimeshaamua jambo la maana.

"Haya, tatizo jingine," nikamwambia. "Mkwe amekwenda kuulizia. Ameambiwa hospitali ya macho ya huko haimpokei mtu bila barua. Kesho ananipeleka zahanati nikapimwe."

Kengele akashuka mezani.

"Kesho?"

"Ameomba ruhusa kazini kwa ajili yangu."

Kengele akachukua kipande cha chaki yangu ya fundi, akaandika herufi kubwa kubwa ukutani, akanisimamisha mlangoni.

"Ziba la kushoto. Sasa soma na hilo la kulia, hilo bovu lako la bandia. Ya kwanza isome. Ya pili ubabaike. Ya tatu kaa kimya, shika paji la uso, vuta pumzi."

"Hivi?"

"Shoga, hiyo ni pumzi ya mtu anayetaka kujifungua! Punguza."

Tukarudia mpaka mbavu zikatuuma.

"Na la kushoto?" nikauliza.

"La kushoto soma zote, chapuchapu. Lazima ubaki na moja zima, vinginevyo mwanao atakushika mkono siku nne nzima, na bendi utaisikia kwa majirani."

La kushoto hatukulifanyia mazoezi. La nini? Kusoma herufi kwa jicho zima kuna mazoezi gani?

Alipoondoka nikatoa daftari langu la vipimo. Nina hilo daftari miaka, lina mabega na viuno vya mtaa mzima. Kwenye ukurasa mweupe wa mwisho nikaandika mpango wote, siku kwa siku, maana uongo ukiwa mrefu unahitaji kuandikwa usije ukajisahau. Nikalitia kwenye mkoba. Kisha nikazifuta zile herufi za ukutani kwa kitambaa chenye maji.

Jumanne asubuhi tukatoka, mimi na mkwe wangu. Mlangoni bega langu la kushoto likagonga ndoo iliyotundikwa ukutani, ikaanguka kwa kishindo.

"Hii ndoo tena!" nikafoka. "Nimeshakwambia usiitundike njiani!"

"Samahani, Mama," akasema, akaiokota. Akaongeza kwa upole, "Imekuwa hapo hapo tangu nilipoolewa."

Nikasonya. Kumbukeni hiyo ndoo.

Zahanati yenyewe ndogo, korido moja, benchi refu la mbao, na mlango wenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono: MACHO. Mpima macho alikuwa kijana mwembamba, mpole, koti lake jeupe limefumuka mshono kwapani. Mikono iliniwasha nimtie uzi pale pale.

"Karibu, bibi. Huyu nani wako?"

"Mkwe wangu."

"Mimi ni mwanaye," mkwe akanisahihisha, huku akinishikia mkoba. "Daktari, jicho la kulia linamsumbua. Tunampeleka kwenye ile kambi ya macho mwisho wa wiki hii."

"Kambi ipi?"

"Ya wazee. Kule mji wa muziki."

Yule kijana akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Mm," akasema. Basi. Akanipa kitu kama kijiko cheusi. "Ziba la kushoto, bibi. Soma ubaoni."

Nikafanya yote niliyofundishwa. Ya kwanza nikaisoma. Ya pili nikababaika. Ya tatu nikakaa kimya, nikashika paji la uso, nikavuta pumzi, ile ya kiasi. Nyuma yangu nikamsikia mkwe wangu naye anavuta pumzi, lakini yake ilikuwa ya kweli. Ilinichoma.

"Sawa, bibi. Sasa ziba la kulia. Soma na la kushoto."

Hapa nilijiandaa kuonyesha umahiri. Nikakaa sawa, nikaziba la kulia, nikangoja.

Nikangoja tena.

"Umeme umekatika?" nikauliza.

Mkwe wangu akacheka. Alidhani ni utani wangu, maana ananijua. Kicheko kikatoka nusu, kikasimama.

"Umeme upo, bibi," yule kijana akasema.

"Basi weka hilo bango nisome."

"Bango liko hapo hapo."

Mbele yangu kulikuwa na kijivu, kama shuka lililotundikwa dirishani. Pembeni kabisa palikuwa na ufa mdogo wa mwanga, na ndani ya huo ufa, ncha ya kiatu cha mtu. Hayo tu.

Nikatoa kijiko. Dunia ikarudi yote: bango, meza, kijana, kalenda. Nikakirudisha. Ikaondoka.

"Mama?" mkwe wangu akaita. "Mama, soma."

Sikuwa na cha kusoma.

Yule kijana akaniinua kidevu, akaniwekea taa yake, akanitia matone, akanisogeza kwenye mashine, akatazama jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Hakusema neno. Fundi akinyamaza hivyo juu ya kitambaa chako, ujue kimeungua.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Nionyeshe unavyotunga uzi kwenye sindano."

Nikainua mikono, sindano ya hewa, uzi wa hewa. Nikalamba ncha ya uzi kama ninavyolamba siku zote. Nikafumba jicho moja ili nilione tundu vizuri.

"Umefumba lipi?"

Nikabaki na mikono juu.

"La kushoto," mkwe wangu akajibu kwa niaba yangu, taratibu.

"Tangu lini unalifumba hilo?"

"Tangu nikiwa mwali," nikasema. "Tangu nijifunze."

"Ndiyo maana hukujua. Ni presha ya macho, bibi. Haiumi, haiwashi, inakula kutoka pembeni kidogo kidogo. Mtu mwingine angeshtuka siku moja akiziba jicho zima. Wewe kila siku ulikuwa unalifumba hilo linalokufa, unafanya kazi na zima."

Ndugu wawili, chumba kimoja. Jibu mnalo.

Na ile ndoo, wasomaji wangu, haikuwa njiani. Ilikuwa upande wangu wa kushoto. Mwaka mzima nimemfokea mtoto wa watu kwa kitu ambacho mimi ndiye niliyekuwa sikioni, na kila mara aliniambia "samahani, Mama".

"Litapona?" mkwe akauliza.

"La kushoto, hapana. Nisiwadanganye. La kulia limeanza kuguswa, lakini likiwahiwa litabaki. Lazima aonwe na bingwa haraka. Ijumaa ni siku ya mapumziko, ila nikiandika barua ya dharura, hospitali ya macho ya huko mnakokwenda itampokea." Akamgeukia. "Dada, hebu nenda dirishani pale mwanzo wa korido umchukulie dawa ya matone. Nami naandika."

Mkwe akatoka mbio. Kandambili zake nilizisikia mpaka mwanzo wa korido.

Yule kijana hakuandika. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, jicho lako la kulia linasoma mstari wa tano. Nimelipima kwa mashine. Kwa nini uliniambia linaishia herufi ya pili?"

Mimi ni mtu mzima. Nimezaa, nimezika, nimeshona sare za shule za watu ambao sasa wana wajukuu. Nikaona haya mbele ya mtoto yule kama niliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Na hiyo kambi," akaendelea, "wazee wa eneo hili mimi ndiye ningewaandikia majina. Haipo."

"Haipo," nikakubali.

"Ulikuwa unataka nini, bibi?"

"Muziki," nikamwambia. Lilisikika neno dogo sana mle ndani.

Hakucheka. Natamani angecheka.

"Sitaandika uongo kwenye barua," akasema. "Nitaandika jicho lililokufa ni la kushoto, na la kulia linaona. Mkweo anasoma. Atauliza. Mwambie wewe kwanza, kabla sijamaliza. Naandika polepole."

Nikatoka. Matone yalikuwa yamefanya kila kitu king'ae, hata uchafu wa sakafu. Nikakaa kwenye benchi, nikayapanga maneno. Mwanangu, nilisema uongo, Mungu akaugeuza kweli. Hapana, Mungu nimwache, haya yangu mwenyewe. Mwanangu, siti ni yako. Hapo napo hapana: siti sasa naihitaji kweli kweli! Kila mahali nilipoanzia palikuwa na mkia unaonirudia.

Mkwe wangu akarudi, kichupa cha dawa mkononi, macho mekundu. Akakaa ubavuni mwangu, upande wa kushoto. Akapotea. Nikabaki na harufu yake ya sabuni na pasi, na mkono wake juu ya wangu.

"Mama, usiogope," sauti yake ikasema. "Nimewaza. Mwanao atakaa nawe hospitali kila siku, mpaka usiku wa mwisho. Mtoto nitakwenda naye dobini nikiitwa, mwenye kazi ataelewa. Na ukirudi, uzi nitakuwa nakutungia mimi."

"Mwanangu."

"Na nakushukuru ulisema. Ungekaa kimya kama watu wengine, tungejua lini? Wewe una ujasiri, Mama."

Hilo neno, ujasiri. Lingekuwa jiwe ningelikwepa.

"Mwanangu, nina jambo nataka kukwambia. Unisikilize mpaka mwisho, halafu ufoke unavyotaka."

"Nifoke nini?" Akacheka kidogo kwa pua. "Ngoja kidogo, Mama, nisisahau. Wameniambia saa za matone, asubuhi na jioni, nataka kuziandika. Una karatasi humu?"

Nikasikia zipu ya mkoba.

"Subiri," nikasema.

"Hili hapa, daftari lako."

"Hilo limejaa, mwanangu! Halina nafasi!"

"Hata pembeni." Kurasa zikaanza kupita. Mlio wa daftari lile naujua kama ninavyoujua mlio wa cherehani yangu, karatasi zake nzito zimekula mafuta. Nikanyoosha mkono upande wa kushoto kulikamata, nikashika hewa.

Akacheka tena, safari hii kwa moyo. "Mama! Ndicho kiuno changu hiki ulichoandika? Na umeweka alama ya mshangao! Nimenenepa kiasi hicho?"

Alikuwa amefika kwenye ukurasa wa gauni la kijani. Ukurasa wa mwisho kabla ya ule mweupe.

"Nipe hilo daftari, mwanangu. Nipe nikwambie."

Karatasi moja ikageuzwa.

Nikageuza shingo yote, mpaka nikamleta kwenye jicho langu zima. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kinashuka mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayepitisha pasi kwenye kitambaa cha mtu mwingine, anaogopa kukichoma. Nikakiona kidole kinapita Ijumaa. Kikapita Jumamosi saa saba, mahali nilipoandika nimtume mwanangu akatafute dawa mbali. Kikapita saa tisa, ukumbini na Kengele. Jumapili nilikuwa nimechora shati lenye marinda. Kikapita.

Kikasimama Jumatatu.

Nyuma yetu mlango wa MACHO ukafunguka, yule kijana akatokea na bahasha. Akatutazama, akabaki amesimama kizingitini.

Mkwe wangu hakuinua uso. Akasoma kwa sauti, bila hasira, kama mtoto anayemsomea mwalimu.

"'Jumatatu. Kurudi nyumbani. Nimwambie mkwe daktari kasema.'"

Akageuza ukurasa kutafuta mengine. Hapakuwa na mengine. Pale ndipo nilipoishiwa jana yake, nikasema nitajua la kusema nikifika.

Akaniangalia. Na mimi nikamwangalia kwa hilo moja nililo nalo.

"Kasema nini, Mama?" akauliza. "Hapa hukumalizia."